Kicheko hukaa wapi katika kauli ya filamu

Mwaka 1957 ilitoka Marekani filamu iitwayo Zero Hour!, kisa cha ndege ya abiria ambayo marubani wake wanaugua angani baada ya kula samaki aliyeharibika. Daktari mmoja aliyemo safarini anaieleza hali kwa sauti nzito: uhai wa wote unategemea jambo moja tu, kumpata mtu anayejua kurusha ndege na ambaye hakula samaki usiku ule. Kauli hiyo iliandikwa ili iwatie watazamaji hofu, wala hakuna aliyekusudia ichekeshe. Mwaka 1980 kauli hiyohiyo, karibu neno kwa neno, ikatokea tena katika Airplane!, na safari hii watu wakavunjika mbavu.

Haikuwa sadfa. Jim Abrahams na ndugu wawili, David na Jerry Zucker, walikuwa wakirekodi vipindi vya televisheni vya usiku wa manane wakitafuta matangazo ya biashara ya kufanyia mzaha, na katika kurekodi huko wakainasa Zero Hour!. Walipoitazama waliona hawana haja ya kutunga kisa kipya. Walinunua haki zake, wakachukua mpangilio wake, jina la shujaa wake na sehemu kubwa ya maongezi yake, kisha wakajaza vituko kila kona.

Filamu hizo mbili zinatuachia swali gumu. Tumezoea kusema "kauli ile inachekesha" kana kwamba kicheko kimefungwa ndani ya maneno, na yeyote atakayeyatamka atakifungulia. Lakini sentensi iliyoogofya mwaka 1957 na kuchekesha mwaka 1980 haiwezi kuwa ndiyo yenye kicheko. Kicheko kiko nje yake, na kazi ya kukitega huko nje ndiyo ustadi wenyewe wa waandishi, waongozaji na waigizaji wa vichekesho. Ni kazi ngumu, na mara nyingi haipewi heshima inayostahili.

Tuanze na uso. Studio iliyogharimia Airplane! ilitarajia kuona wachekeshaji. Waongozaji wakakataa. Waliwachukua Leslie Nielsen, Robert Stack, Lloyd Bridges na Peter Graves, watu wazima ambao umma uliwajua kwa kuigiza maofisa, wapelelezi na mashujaa wasiocheka. Nielsen alikuwa kazini tangu miaka ya 1950. Mwaka 1972 aliigiza nahodha wa meli inayopinduka baharini katika The Poseidon Adventure. Waongozaji hawakutaka mtu yeyote akonyeze wala atabasamu. Waigize kama watu wanaokaribia kufa kweli.

Ndiyo maana ile kauli maarufu kuliko zote za filamu hiyo inafanya kazi. Mhusika mmoja anamwambia daktari, anayeigizwa na Nielsen, kwamba bila shaka anatania. Daktari anajibu kuwa hatanii, na kwamba asiitwe Shirley. Kwa Kiingereza "surely", yaani bila shaka, hutamkwa karibu sawa na jina hilo la kike. Ni mzaha wa watoto wa shule ya msingi, na mtu anayejichekesha angeutoa ukaanguka chini hapohapo. Ukitoka kwa daktari mwenye mvi, aliyebeba roho za abiria wote mabegani, na usoni hakuna dalili yoyote kwamba amesema jambo la kuchekesha, mtazamaji anabaki peke yake na upuuzi ule. Hakuna wa kumsaidia kuubeba isipokuwa kicheko. Taasisi ya Filamu ya Marekani, AFI, ilipotoa orodha yake ya kauli 100 za sinema mwaka 2005, jibu hilo lilishika nafasi ya 79.

Lakini uso mkavu peke yake hautoshi. Kauli ninayoiona kuwa kilele cha kazi hii ilitoka kwenye uso unaotabasamu kutoka sikio hadi sikio, na maneno yake ni ya kawaida kiasi kwamba mtu angeweza kuyasema baada ya kumwaga chai: "Basi, hakuna aliyekamilika."

Filamu ni Some Like It Hot ya mwaka 1959, iliyoongozwa na Billy Wilder na kuandikwa na yeye pamoja na I.A.L. Diamond. Wanamuziki wawili wa Chicago, Joe na Jerry, wanashuhudia majambazi wakiua wenzao mwaka 1929. Ili wasiuawe nao, wanavaa mavazi ya kike na kujiunga na bendi ya wanawake inayokwenda Florida. Jerry, anayeigizwa na Jack Lemmon, anajiita Daphne. Huko hotelini tajiri mzee aitwaye Osgood, anayeigizwa na Joe E. Brown mwenye kinywa kipana ajabu, anampenda Daphne kwa moyo wake wote na kumchumbia. Mwishoni wako kwenye boti ya injini. Osgood ameshika usukani, anasema amempigia mama yake simu, mama kalia kwa furaha na anataka bibi harusi avae gauni lake. Daphne anajitetea kwamba yeye na mama mkwe hawana umbo moja. Osgood anasema litarekebishwa. Basi Daphne anaanza kukiri.

"Nywele zangu si za rangi hii kwa asili."

"Haidhuru."

"Navuta sigara. Navuta muda wote."

"Sijali."

"Nina historia mbaya. Miaka mitatu sasa nimekuwa nikiishi na mpiga saksofoni."

"Nakusamehe."

"Sitaweza kuzaa kamwe."

"Tutachukua watoto wa kulea."

Hapo Jerry anakata tamaa, anavua wigi, anarudi kwenye sauti yake na kupayuka: "Mimi ni mwanaume!" Osgood, tabasamu likiwa palepale na macho yakiwa mbele kwenye maji, anajibu kwamba hakuna aliyekamilika. Jerry anamtazama, hana neno. Filamu imekwisha.

Hesabu vizuri kilichotendeka hapo. Kila ungamo ni zito kuliko lililotangulia, na kila jibu ni jepesi vilevile. Tukifika kwenye suala la watoto tumeshajifunza kanuni moja: Osgood husamehe kila kitu. Wakati huohuo tunayo kanuni nyingine tuliyokuja nayo kutoka nyumbani: kuna jambo moja ambalo bwana harusi yeyote hatalipokea. Jerry anapovua wigi kanuni hizo mbili zinagongana, nasi tunangoja ya pili ishinde, kama inavyoshinda siku zote duniani. Inashinda ya kwanza. Wala haishindi kwa maneno makubwa. Inashinda kwa msemo ambao watu huutumia kusamehe dosari ndogo, mtu akichelewa au akisahau chumvi. Ukubwa wa jambo na udogo wa msemo ndivyo vinavyoachana, na katika mwanya huo ukumbi mzima unaangua kicheko.

Wilder aliisimulia mara nyingi historia ya kauli hiyo. Mwisho wa filamu ulikuwa bado unaandikwa huku upigaji picha ukiendelea. Diamond akaipendekeza, na Wilder akaona iwekwe kwa muda tu, karatasi zipelekwe zikachapwe, nao wapate nafasi ya kufikiria kitu bora. Hawakukipata. Nadhani ilionekana dhaifu kwa sababu kwenye karatasi kweli ni dhaifu. Iandike peke yake kwenye daftari, haina uhai wowote. Uhai wake wote uko kwenye yale maungamo manne yaliyoitangulia. Wilder alipofariki mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 95, jiwe la kaburi lake huko Los Angeles liliandikwa kwamba yeye ni mwandishi, lakini hakuna aliyekamilika.

Jambo moja kuhusu waandishi hao wawili hunigusa sana. Wilder alizaliwa mwaka 1906 katika mji ambao leo uko Poland, akafanya kazi ya uandishi wa habari Vienna na Berlin, na akaikimbia Berlin mwaka 1933 Hitler aliposhika madaraka. Alifika Hollywood na Kiingereza cha kuombea maji. Diamond alizaliwa mwaka 1920 huko Ungheni, leo ni Moldova, na alipelekwa New York akiwa mtoto. Kauli ya mwisho inayosifiwa kuliko zote katika vichekesho vya Kiingereza ilitungwa na watu wawili ambao Kiingereza kiliwakuta njiani. Siamini kwamba ni bahati. Mtu aliyejifunza lugha ukubwani husikia misemo ambayo wenyeji wameacha kuisikia kwa sababu ya mazoea, na anaijua kwa uzito wake. Msomaji ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, nasi tuko wengi, asijione yuko nje ya mlango wa utani wa lugha hii.

Filamu hiyohiyo inatufundisha jambo la pili, nalo ni muda. Kuna sehemu ambapo Jerry amelala kitandani hotelini akitikisa njuga za maracas, furaha imemjaa kwa sababu amechumbiwa. Joe anauliza nani msichana mwenye bahati. "Mimi!" anajibu Jerry, na njuga zinalia. Joe anamkumbusha kwamba yeye ni mwanaume, na kwa nini mwanaume aolewe na mwanaume? "Kwa ajili ya uhakika wa maisha!" Njuga tena. Ukitazama nyumbani peke yako unaweza kudhani njuga zile ni za kuonyesha furaha tu. Wilder alimpa Lemmon njuga hizo kwa sababu ya hesabu. Mwigizaji wa jukwaani husubiri watu wamalize kucheka ndipo aendelee. Filamu haisubiri mtu. Kauli ya pili ikifuata haraka inazama katika kelele za kauli ya kwanza. Ukiacha pengo tupu, mtazamaji aliyeko peke yake anaona waigizaji wamesimama wakitazamana. Njuga zikajaza pengo. Ukumbi ukicheka, hakuna kilichopotea. Usipocheka, kuna mtu anacheza kitandani.

Marx Brothers, kundi la ndugu wachekeshaji, walilitatua tatizo hilo kwa njia nyingine. Kabla ya kupiga picha za A Night at the Opera ya mwaka 1935, walizunguka na vipande vyake majukwaani mbele ya watu halisi, kwa wazo la mtayarishaji Irving Thalberg wa studio ya MGM. Waandishi walikaa ukumbini wakisikiliza. Kauli iliyokufa ilifutwa, iliyochekesha ilipimwa ni kwa muda gani, na filamu ikakatwa kwa kipimo hicho. Vichekesho vinavyoonekana kama fujo tupu vilipimwa kwa uangalifu mkubwa.

Halafu kuna yale yasiyosemwa. Kuanzia mwaka 1934 studio za Hollywood zilitekeleza kwa ukali kanuni za maadili, chini ya ofisi iliyoongozwa na Joseph Breen. Skripti zilisomwa kabla ya kupigwa picha, na mambo ya kitandani, matusi na dhihaka kwa dini vilipigwa mstari. Waandishi walilalamika, lakini walijifunza kusema bila kusema. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mwongozaji Ernst Lubitsch, aliyetoka Berlin, alikuwa na msimamo kwamba mtazamaji apewe mbili na mbili, ajumlishe mwenyewe. Wilder alimheshimu kiasi cha kubandika ofisini mwake swali la kujiuliza: Lubitsch angefanyaje? Mzaha uliofafanuliwa humwacha mtazamaji amekaa tu. Mzaha alioumalizia mwenyewe kichwani ni wake, na hucheka kwa furaha ya kugundua. Kanuni zile ziliachwa rasmi mwaka 1968, na sitetei udhibiti, lakini nyingi ya kauli tunazozikumbuka hadi leo zilinolewa kwa kusuguana nao.

Mfano ninaoupenda ni wa Casablanca, ya mwaka 1942. Si filamu ya vichekesho; ni ya mapenzi na vita. Tuko Moroko iliyo chini ya Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, kwenye baa ya Rick, anayeigizwa na Humphrey Bogart. Wateja wametoka kuimba wimbo wa taifa wa Ufaransa kwa machozi, wakazizima sauti za maofisa wa Kijerumani waliokuwa wakiimba wimbo wao. Waigizaji wengi waliokuwa wakiimba pale walikuwa wakimbizi kweli kutoka Ulaya. Meja wa Kijerumani anamwamuru mkuu wa polisi, Kapteni Renault, aifunge baa mara moja. Renault hana sababu ya kuifunga, basi anaibuni. Rick anamuuliza kwa kosa gani.

"Nimeshtuka," anasema Renault, anayeigizwa na Claude Rains, "nimeshtuka mno kugundua kwamba humu ndani watu wanacheza kamari!"

Papo hapo mfanyakazi wa meza ya kamari anamsogelea na noti mkononi. "Ulichoshinda, bwana."

"Oo, asante sana," anajibu Renault kwa sauti ya chini, kisha anapaza sauti: "Wote nje!"

Mtazame Rains. Angeonyesha aibu, tungekuwa tumemwona mwizi aliyefumaniwa, na tungecheka kidogo. Haoni aibu. Anashukuru kwa adabu na kuzitia fedha mfukoni. Anajua kwamba sote tunajua, na haimsumbui. Ndiyo sababu neno "nimeshtuka" likirudiwa mara mbili limekuwa, katika siasa na magazeti ya Marekani, hata katika maandishi ya majaji, njia ya kumtaja kiongozi anayejifanya ameshangazwa na uovu aliokuwa akila matunda yake. Yule mfanyakazi wa kamari aliigizwa na Marcel Dalio, mwigizaji Mfaransa mwenye asili ya Kiyahudi aliyekuwa ameikimbia nchi yake Wajerumani walipoivamia. Jina lake halikutajwa kwenye orodha ya waigizaji wa filamu. Bila maneno yake, kauli ya Renault ni amri ya polisi na basi.

Wanafalsafa waligombania jambo hili muda mrefu kabla ya sinema. Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17, alisema tunacheka tunapojiona ghafla tuko juu ya mwingine. Immanuel Kant, mwaka 1790, aliona kicheko kuwa ni matarajio yaliyokazwa yanayogeuka ghafla kuwa si kitu. Ukimweka Renault mbele yao, Hobbes anaonekana kuwa sahihi: tunamcheka mla rushwa. Ukimweka Osgood, Kant anashinda kabisa, kwa sababu hatuko juu ya Osgood hata kidogo. Tulikaza misuli tukisubiri hasira, na hasira haikuja. Kwa maoni yangu kauli za aina ya Osgood huishi zaidi mioyoni. Renault tunamtumia kuwashambulia watu. Osgood tunamtamani.

Wakati mwingine kauli hujengwa kwa kuuondoa utani. Stanley Kubrick alianza kuandika filamu ya kutisha kuhusu vita vya nyuklia, kutokana na riwaya isiyo na mzaha wowote, akaona kadiri anavyoandika mambo yanavyozidi kuwa ya kichekesho, na ikawa Dr. Strangelove ya mwaka 1964. Peter Sellers aliigiza wahusika watatu, mmoja wao rais wa Marekani. Mwanzoni alimpa rais mafua na vituko vingi vya kamasi. Kubrick akataka viondolewe, rais awe mtu mpole, mwenye busara, pekee mwenye akili timamu chumbani. Kwa upande wa pili, George C. Scott, aliyeigiza jenerali, aliambiwa afanye majaribio ya kuigiza kwa kupita kiasi, na Kubrick akayatumia majaribio yaleyale katika filamu. Basi jenerali na balozi wa Urusi wanapokamatana na kuangushana sakafuni, na rais akawakemea, "Mabwana, hamruhusiwi kupigana humu! Hiki ni Chumba cha Vita!", kauli inatoka kwa mtu pekee ambaye haoni ajabu iliyomo ndani yake.

Swali la nani hasa mwenye kauli halina jibu moja. Katika Jaws ya mwaka 1975, Roy Scheider yuko nyuma ya boti akitupa chambo baharini, papa anainua kichwa ghafla, naye anarudi nyumanyuma hadi ndani na kumwambia nahodha, kwa sauti iliyoishiwa damu: "Utahitaji boti kubwa zaidi." Haikuwa kwenye skripti. Ilikuwa mzaha wa mafundi wa filamu, waliolalamika kwamba boti yao ya kazi ni ndogo mno, na Scheider akaidaka. Katika When Harry Met Sally ya mwaka 1989, mwanamke anaonyesha mezani, mgahawani, kwa sauti ya kusikika na wote, jinsi wanawake wanavyoweza kujifanya wameridhika kitandani. Akimaliza anaendelea kula. Bibi wa meza ya pili, mhudumu alipomfikia, anasema, "Na mimi niletee alichokula yeye." Meg Ryan ndiye aliyetoa wazo kwamba mhusika wake aigize pale mgahawani, kauli ilipendekezwa na Billy Crystal, mwigizaji mwenzake, aliyeitamka alikuwa Estelle Reiner, mama mzazi wa mwongozaji Rob Reiner. Skripti ni ya Nora Ephron, na sifa yake haipungui kwa hilo, maana yeye ndiye aliyejenga nyumba ambayo kauli iliingia. Mgahawa wenyewe, Katz's wa New York, umetundika kibao juu ya meza ile.

Kauli zikishatoka nje ya filamu, watu huzifanyia ukarabati. Watu wengi hunukuu "Tutahitaji boti kubwa zaidi", ilhali Scheider alisema "utahitaji", kana kwamba yeye amekwishajitoa safarini, na hilo linachekesha zaidi. Kutoka Casablanca watu hunukuu "Piga tena, Sam", maneno ambayo hayamo. Ilsa, mpenzi wa zamani wa Rick, anamwambia tu mpiga piano, "Piga, Sam." Naelewa kwa nini hutokea. Ndani ya filamu kauli ina picha, sauti na kisa cha kuiegemea. Mtu anayeisimulia baa au kazini hana vitu hivyo, basi anaongeza neno moja la kuifanya isimame peke yake.

Safari ndefu kuliko zote ni ya kutoka lugha moja hadi nyingine. Mzaha wa Shirley hufia mpakani, na mfasiri hana budi kutunga mwingine. Osgood, Renault na Chumba cha Vita hupita salama kwa sababu kicheko chao hakikuwa ndani ya maneno ya Kiingereza tangu mwanzo. Hata hivyo maandishi ya chini ya skrini yanaweza kuwaua nao, kwa sababu jicho husoma haraka kuliko mdomo unavyosema. Yule "hakuna aliyekamilika" akiandikwa sekunde moja kabla Osgood hajafungua kinywa, mtazamaji anacheka wakati Jerry bado ameshika wigi, na uso wa Osgood unapita bure. Mfasiri mzuri huyagawa maandishi ili neno la mwisho lifike pamoja na sauti.

Huku kwetu ilizaliwa njia nyingine. Vibanda umiza vya Tanzania, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu, vilimjua Lufufu, na Kenya inamjua DJ Afro, wasimulizi wanaoweka sauti yao juu ya filamu nzima na kueleza kwa Kiswahili kinachotendeka. Hawafasiri neno kwa neno. Wanawapa wahusika majina na misemo ya mtaani, wanaongeza utani ambao mwandishi wa Marekani hakuuota. Wapo wanaoona huo ni uharibifu. Mimi naona ni watu wachache waliolielewa tatizo kwa mikono yao: kama kicheko cha asili hakiwezi kuvuka, mtazamaji aliyelipa kiingilio anastahili kingine, kilichopimwa kwa watu waliokaa kwenye mabenchi mbele yake.

Na ipo kauli moja ya Hollywood iliyofanya safari hiyo kinyume. Katika The Lion King ya mwaka 1994, Rafiki, nyani mzee anayesemewa na Robert Guillaume, anarukaruka mbele ya Simba aliyejificha ukimbizini, akiimba: "Asante sana, squash banana, wewe nugu, mimi hapana." Kwa watazamaji wengi duniani hayo ni makelele ya mganga kichaa. Simba anauliza maana yake, na Rafiki anamfafanulia kwamba wewe ni nyani, mimi siye. Huko ndiko kicheko kilikowekwa, kwenye ufafanuzi. Mtazamaji wa Kiswahili haungoji. Ameshalisikia tusi lilipotamkwa, ameshacheka, na anajua hata kwamba anayelitoa ndiye nyani. Kwake kicheko cha pili kiko kwenye swali: simba mzima, anaitwa Simba, anazungukwa na akina Rafiki na Pumbaa, na ndiye pekee pale asiyejua Kiswahili.